Toba Mbele ya Madam

Simbilisi wao alikuwa wa pamba. Madam alimnunua kwenye duka la vitu vya watoto, akamkata lebo kwa mkasi wa kucha, akamlaza juu ya trei ya mbao kati ya bakuli la unga wa mahindi meupe na simbi moja kubwa ya rangi ya chungwa. Kisha akatuita wafanyakazi wote tuje tumtazame.

"Huyu ndiye atakayevuta ugonjwa," alisema.

Mimi ni mtu wa Njombe. Nimekulia kwenye jiko lenye simbilisi, wale wanyama wadogo wanono wasio na mkia. Walikaa nyuma ya mafiga, wakila maganda na majani tuliyowaletea tukitoka shule, na ukigusa tu kifuniko cha chungu walipiga mluzi wote kwa pamoja wakidhani ni zamu yao. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wanavuta ugonjwa. Tuliwababua manyoya, tukawachoma, tukawala kwa ugali. Kwa hiyo nilipomwona huyu mwenye macho ya plastiki amelazwa kwenye trei kama mgeni rasmi, nilicheka. Mkenya wa mapokezi alinikanyaga mguu.

"Shika kicheko chako," alininong'oneza. "Huyu ni wa kazi."

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010. Spa yetu ilikuwa ndani ya villa moja upande wa baharini, sisi wafanyakazi tukilala Al Qusais, na basi la kampuni likitupeleka na kuturudisha. Wateja wa Dubai huchoka haraka. Wakishazoea mawe ya moto wanataka chumvi, wakishazoea chumvi wanataka udongo, na mwenye spa asipowatafutia kitu kipya wanahamia mtaa wa pili. Mwaka ule madam alisafiri Peru likizoni. Alirudi na ponchi mbili, yale mashuka ya sufu yenye tundu la kupitishia kichwa, mzigo wa majani makavu, na wazo. Wazo lenyewe liliitwa Utakaso wa Wainka, na lilikuja na mganga wake.

Mganga alikuwa kijana wa Kizungu, mpole, mwenye bangili za nyuzi hadi karibu na kiwiko. Alikuwa amekaa milimani kule kwa muda. Sitasema alikuwa tapeli, maana alijua mambo, na hilo ndilo linalonikasirisha mpaka leo. Angekuwa mjinga ningemsahau.

Alituketisha kwenye mikeka akatueleza. Zamani, alisema, kabla Wahispania hawajafika, Wainka waliamini kwamba maradhi mengi huja kwa sababu ya kosa lililofichwa. Mtu akilala na homa isiyoisha, au mtoto wake akifa, au mvua ikikataa kunyesha, watu walijiuliza ni nani amefanya nini na hajasema. Mgonjwa alikwenda kwa kuhani kando ya mto. Alitaja makosa yake yote. Kuhani alimpaka unga wa mahindi, kisha mgonjwa akaoga, akiuomba mto uyachukue yale aliyoyasema mpaka baharini. Na simbilisi? Simbilisi alisuguliwa mwilini, halafu akapasuliwa ili waganga wasome ndani yake ugonjwa umekaa wapi.

"Na wa kwetu tutampasua?" aliuliza Mkenya. "Atatoka pamba tupu."

Mganga alicheka pamoja nasi. Alisema wa kweli manispaa wasingemruhusu, na kwamba kilicho muhimu ni nia.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Alikuwa mwenzangu wa chumba, Mganda, mkandaji hodari kuliko sisi wote. Wateja walimwomba kwa jina. Alikaa mwisho wa mkeka, kiganja chake kikiwa chini ya kitovu kama kawaida yake siku hizo. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Tuliujua sote wa chumbani, kwa sababu siku zake zilipofika alilala amejikunja ukutani na sisi tulimchemshia maji ya kuweka kwenye chupa. Alikuwa amepita miaka ya thelathini bila mtoto, na mchumba wake alikuwa Kampala akimngoja. Daktari wa hospitali moja pale Dubai alikuwa amemwambia waziwazi: uvimbe unaweza kutolewa na kizazi kikabaki, lakini asikawie, kwa maana unakua. Bima ya kazini ilikwisha kukubali. Tarehe ya upasuaji ilikwisha kupangwa. Alichotakiwa kufanya ni kuendelea kuwa mfanyakazi wa spa ile hadi siku hiyo. Hakukuwa na kingine.

Naomba msomaji akumbuke jambo hilo, kwa sababu sisi tulilikumbuka kila asubuhi.

Kabla ya kufungua tiba mpya kwa wateja, madam alitaka majaribio. Alitaka pia video ya kuweka mtandaoni. Na alitaka mtu mwenye ugonjwa wa kweli, si mtu wa kujifanya. Alikuwa amesaini ruhusa ya upasuaji, kwa hiyo alijua pa kutazama.

"Wewe una tatizo la tumbo," alimwambia mwenzangu mbele yetu sote, kwa furaha, kana kwamba anamtangazia zawadi. "Ni kamili kabisa!"

Mwenzangu alimjibu kwa adabu kwamba yeye ni mlokole. Ameokoka, haendi kwa waganga wala haingii kwenye matambiko. Madam akamgeukia mganga, na mganga akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole kwamba hataitwa mungu yeyote wala mzimu wowote. Atasema ukweli, kisha ataoga. Ni hayo mawili tu.

Nilimwona mwenzangu akitafakari. Kusema ukweli na kuoga. Kwa mlokole hayo si mambo mageni. Ni toba na ubatizo, vitu alivyovijua tangu utotoni. Laiti wangemletea pembe na tunguri angewakimbia. Walimletea kitu anachokiheshimu.

Jioni ile chumbani tulibishana, mimi nikiwa kitanda cha chini na yeye cha juu, miguu yake ikining'inia mbele ya uso wangu. Mkenya alikuwa sakafuni akipaka kucha rangi.

"Sema kitu kidogo," nilimwambia. "Sema ulimkasirikia mtu. Halafu uoge, utoke."

"Dada, toba si ya kuchagua."

"Kwetu Wakatoliki unaungama kwa padri mmoja, kwenye kiboksi, na padri anafunga mdomo mpaka kaburini. Hapa kutakuwa na madam na kamera. Hiyo si toba, ni televisheni."

"Banange! Nyinyi mnajificha kwenye kiboksi, mnaongea na pazia." Alicheka. "Sisi tunasimama mbele ya kanisa zima. Unamtazama uliyemkosea usoni, unamwambia. Ndiyo maana inapona."

"Aki, wewe sema tu ulikula mandazi ya mtu kwa fridge," alisema Mkenya bila kuinua macho. "Uwaambie pole. Imetosha."

"Mandazi yale ni wewe uliyakula, nnyabo."

"Basi nitubie pia mimi, ukiwa huko."

Tulicheka mpaka kitanda kikatikisika. Mimi nilijua anachokificha, Mkenya alijua, nusu ya Waganda wa Dubai walijua. Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku ya mapumziko na hata makanisa husali siku hiyo, akitoka ibadani alipitia Al Nahda kwenye fleti ya kushirikiana ya rafiki zake na kusuka nywele za watu hadi jioni. Kuna sehemu ya gharama ya upasuaji ambayo bima haikuigusa, na alikuwa akiitafuta kwa vidole vyake. Viza yake ilimruhusu kufanya kazi kwa madam tu. Kusuka nywele sebuleni kwa mtu ni kuvunja sheria, na kila mtu aliyewahi kusukwa Dubai anajua huvunjwa wapi na nani.

"Basi ungama kwa Kiganda," nilimwambia mwishowe. "Ukweli wote, kwa Kiganda. Mungu anakielewa."

Akapandisha miguu yake kitandani. "Kale, sawa," alisema. "Hilo naweza."

Nilidhani tumemaliza.

Siku ya majaribio tuliweka maji ya waridi kwenye beseni kubwa la shaba, maana mto hatukuwa nao. Kazi yangu ilikuwa kushika taulo. Mganga alivaa ponchi moja, madam nyingine, ingawa nje joto lilikuwa la kukausha mate mdomoni. Mpiga video alisimama pembeni. Mwenzangu aliketi kwenye kigoda amevaa kanga nyeupe kifuani, na mganga akaanza kumpaka unga mabegani, akisema maneno ya lugha ya milimani ambayo aliyajua vizuri, hilo sikatai. Alimsugua kwa yule simbilisi wa pamba kutoka shingoni hadi tumboni. Alipofika kwenye uvimbe, mwenzangu alifumba macho.

"Sasa sema," mganga alimwambia. "Sema unachokibeba."

Alianza kwa Kiganda, kama tulivyokubaliana. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya haraka, na mimi nikapumua.

"Stop, stop," madam alimkatiza. "Kiingereza, habibti. Watu watakaotazama hawatakuelewa. Yalla, tangu mwanzo."

Mganga aliinua uso. Nilimtazama kwa makini, kwa sababu nilijua pale ndipo mahali pake pa kusema neno. Angeweza kusema lugha yoyote inafaa. Angeweza kusema tambiko likishaanza halikatizwi. Aliutazama tena unga kwenye viganja vyake na kusubiri.

Mwenzangu akaanza tena, kwa Kiingereza. Alisema amemchukia mama yake wa kambo kwa miaka mingi. Alisema aliwahi kudanganya kwamba anaumwa ili alale. Hapo angeweza kuishia, na nilimkazia macho ili aishie. Lakini machozi yalikwisha kumshika. Nimewaona walokole katika hali ile. Mtu akishafungua mlango hauachi nusu. Akageuka kwenye kigoda, akaacha kumtazama mganga, akamtazama madam. Kwa imani yake, aliyekosewa ndiye huombwa msamaha.

"Na wewe madam nimekukosea," alisema. "Siku ya Ijumaa nakwenda Al Nahda nasuka nywele za watu. Sikukuomba ruhusa. Nimekuficha. Naomba unisamehe."

Madam aliweka mkono kifuani. "Asante," alisema. "Asante kwa ukweli wako."

Mganga alimmwagia maji. Nilimfunika taulo. Alikuwa akitetemeka na kutabasamu, unga umeganda kwenye nyusi zake, akaniambia kwa Kiswahili, "Dada, nimekuwa mwepesi." Mpiga video alisema imetoka vizuri sana.

Kesho yake madam alimwita ofisini. Mazungumzo hayakuchukua muda mrefu. Nilikuwa nikikunja mashuka kwenye korido na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliyasikia. Hakumgombeza. Alimwambia kwamba anamheshimu kwa kuwa mkweli, lakini yeye ndiye kafeel wake, mdhamini wa viza yake, na mfanyakazi wake akikamatwa akifanya kazi kwingine, ni yeye atakayetozwa faini. Sasa amekwisha kujua, na akishajua hawezi kujifanya hajui. Viza itafutwa. Khalas.

"Lakini madam, ulinisamehe," mwenzangu alisema.

"Nimekusamehe," alisema madam. "Hii ni biashara."

Nimejaribu kwa miaka mingi kuiandika sentensi ile kwa namna ambayo haitanifanya nisage meno, na sijaweza.

Mimi na Mkenya tuliingia kumwona madam mchana ule ule. Tulikwenda na ombi moja tu. Hatukuomba asifukuzwe. Tuliomba viza isifutwe hadi baada ya upasuaji, kwa sababu viza ikifutwa na bima inakufa siku hiyo hiyo. Mkenya, ambaye hakuwahi kumbembeleza mtu mbele yangu, alimbembeleza kwa maneno mazuri. Madam alitusikiliza huku akitazama picha za video kwenye kompyuta yake. Alisema upasuaji hata kwao Uganda upo. Kisha akatuambia jambo ambalo Mkenya alilirudia kwenye basi mpaka Al Qusais, akitikisa kichwa: kwamba pengine hatauhitaji tena upasuaji wenyewe, maana uso wake ulibadilika kabisa alipomwagiwa maji, tukitaka tutazame.

Nikamfuata mganga. Nilimkuta kwenye bustani ya nyuma akianika ponchi.

Katika siku zile nilikuwa nimesoma. Nina tabia hiyo; nikielezwa kitu, nakwenda kukitafuta. Nilisoma kwenye simu yale waliyoyaandika Wahispania walipofika kule, mapadri wengi wao, watu walioyachukia matambiko yale lakini wakayaandika. Niliyakuta aliyotueleza, na niliyakuta mengine ambayo hakutueleza. Nilikuta kwamba aliyeficha kosa lake aligongwa mgongoni kwa jiwe mpaka aseme. Nilikuta kwamba mfalme wao hakuungama kwa kuhani yeyote. Aliliungamia jua peke yake, kisha akaenda kuoga mtoni. Na nilikuta kwamba kuhani aliyesikia toba alifungwa na kiapo cha kutunza siri. Kosa lililosemwa mtoni liliachwa mtoni.

"Wale makuhani," nilimwambia, "waliruhusiwa kuyasema nje waliyoyasikia?"

Alijua ninakokwenda. Aliichelewesha ponchi mkononi.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa siri."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukumwambia madam atoke chumbani?"

Akaanza kunieleza kwamba hii ni namna ya kisasa, kwamba mila hubadilika zinaposafiri, kwamba yeye kazi yake ni tambiko na mambo ya ajira ni ya madam. Nilimwomba aende kwake amwambie hilo moja tu: kwamba kwa desturi hiyo hiyo anayoiuza, neno la mgonjwa halitumiwi dhidi yake. Sikumtaka aongeze wala apunguze. Aliniahidi atatafuta wakati mzuri.

Hakuutafuta. Mwenzangu alifunga sanduku lake wiki ile. Hospitali walimpigia simu akiwa anakunja sare, kumwambia kwamba kadi yake haisomi tena. Labda kuna makosa, afuatilie kazini kwake. Aliwashukuru. Alikuwa na adabu hiyo mpaka kwa simu.

Tiba ilifunguliwa mwezi uliofuata na ikajaa wateja. Siku ya kwanza madam alitukusanya kwenye mikeka ile ile kutupa utaratibu. Mteja akiingia kwenye toba, mlango unafungwa. Ndani anabaki yeye na mganga. Mshika taulo anasubiri nje mpaka agongewe kengele. Hakuna simu, hakuna kamera. Na yeyote kati yetu atakayesikia neno la mteja kwa bahati mbaya akalitoa nje, hata kwa mwenzake chumbani, atajikuta uwanja wa ndege kabla ya jua kuzama.

"Hawa ni watu wanaotuamini," alisema.

Mkenya aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mganga alikuwa ameketi kando ya madam. Nilimtazama tena, na tena akawa na kazi ya kuangalia mikono yake. Kwa hiyo siri waliijua wote wawili. Waliijua na waliweza kuilinda, kwa mlango na kitasa na kengele, mtu akiwa amelipa. Kwa Mganda wao waliifanya kuwa kitu ambacho hakikuvuka bahari.

Watu wamewahi kuniambia kwamba alijiponza mwenyewe. Angedanganya kidogo, wanasema. Nani anasema kila kitu mbele ya tajiri wake? Huwa nawajibu vibaya. Aliambiwa kwamba ugonjwa wake unatokana na kosa alilolificha, akaambiwa na watu wanaomlipa mshahara, tumbo likimuuma, na wakamwambia kwamba akisema atapona. Alisema. Aliyefanya jambo la ovyo pale hakuwa yule aliyekaa kwenye kigoda.

Alinipigia kutoka Kampala baada ya miezi kadhaa. Foleni ya hospitali ya serikali ilikuwa ndefu, uvimbe haukuwa na foleni. Ulipofika wakati wake daktari alimwambia hakuna cha kuokoa. Waliutoa pamoja na kizazi.

"Wamekitoa chote, dada," alisema. Aliongea taratibu, bado ana mshono.

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za nje za spa, joto likipanda kutoka kwenye saruji, na nyuma yangu kengele ya chumba cha toba ilikuwa ikilia kuniita na taulo. Nikaiacha ilie.

Aliniuliza habari za Mkenya. Aliniuliza kitanda chake amepewa nani. Kisha akasema, "Mwambie madam nimemsamehe."

"Sitamwambia."

"Dada, bambi. Nilitubu kwa Mungu. Siwezi kuijutia toba."

"Uliyemtubia hakukufukuza. Aliyekufukuza alikuwa amekaa pembeni na ponchi."

"Ndiyo maana nimemsamehe."

Nilimwambia msamaha ni wake, aupeleke mwenyewe akitaka, namba ya spa anayo. Mimi sikuwa nao wa kumpelekea mtu. Alicheka kidogo, akajishika, akalia kwa maumivu ya mshono, akaniambia nisimchekeshe. Tukaagana. Nikaingia ndani, kengele ikiwa bado inalia, nikamkuta mteja amesimama mlangoni, maji yakimtiririka, amekasirika kwa kungojeshwa. Nilimpa taulo lake bila kumwomba radhi.